Mifuko ya Mama Viraka

Daktari alipotamka kwamba Mzee Breki hatapanda ngazi mpaka nyonga yake ipone sawasawa, watu wa nyumbani waliozunguka kitanda chake cha hospitali walifikiria kitu kimoja kwa pamoja: chumba cha kushonea. Juu, nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili vya kulala. Chini palikuwa na jiko, sebule ambayo ukinyoosha miguu unamkanyaga mwenzako, na chumba hicho. Mzee mwenyewe, aliyetengeneza breki za magari ya watu maisha yake yote kisha akashindwa kujizuia kwenye ngazi za nyumba yake, alimtazama mkewe kwa woga.

"Msikiguse," alisema. "Nitalala jikoni."

"Ulale jikoni, umekuwa paka?" mkewe akamjibu. "Chumba kitatolewa vitu, basi. Vitu ni vitu tu."

Alisema hivyo kwa ujasiri wa mtu anayejidanganya. Mtaa mzima ulimwita Mama Viraka, kwa kuwa aliunga mablanketi kutokana na vipande vya nguo kuukuu, na chumba kile ndicho kilichoilisha nyumba tangu karakana ya mumewe ilipofungwa. Hakuna aliyeingia humo bila kubisha hodi, mumewe akiwemo. Sasa alimgeukia mke wa mwanawe na kumpa ufunguo haraka haraka, maana muuguzi alikuwa anamwita.

"Bibi harusi, kipangepange kile chumba, kitanda cha baba kipate pa kukaa. Sanduku lililo chini ya meza usilifungue, mna nguo za wateja. Mengine tumia akili yako."

Harusi yenyewe ilikuwa imepita karibu mwaka, na gauni lilikwisha kurudi kwa mwenye kulikodisha, lakini mama mkwe bado alimwita msichana yule bibi harusi, kwa upole ule ule wa kumvutia mgeni kiti. Hakuwahi kumfokea. Hakuwahi kumtuma hata chumvi. Akiosha vyombo aliambiwa apumzike, akifagia alinyang'anywa ufagio kwa tabasamu. Wenzake kazini walimwonea wivu kwa kupata mama mkwe wa namna hiyo, naye aliona haya kuwaambia kwamba angetoa chochote afokewe angalau mara moja, kama wifi yake alivyokuwa akifokewa kila alipokanyaga kizingiti.

Halafu kulikuwa na lile blanketi. Lilitandikwa juu ya kitanda cha wazee, na ndani yake mlikuwa na kipande cha kila mtu wa nyumba: ovaroli ya mzee, sketi ya shule ya wifi, kaptula aliyoivaa mumewe utotoni. Wifi alimwonyesha siku za mwanzo. "Kila anayeingia familia hii anawekwa humu. Hata mume wangu, na ukaidi wake wote, huyu hapa, ndiye hii mistari." Bibi harusi alichukua gauni lake zuri kuliko yote, la njano, akalipiga pasi na kuliweka tayari kabatini, akisubiri aombwe. Miezi ikapita. Gauni likakaa pale pale, halikuvaliwa wala halikuombwa.

Kwa hiyo ufunguo ule aliubana kiganjani njia nzima. Kama hawakumtaka kwenye blanketi, basi leo angewaonyesha mikono yake.

*

Alipofungua mlango alicheka peke yake. Vitambaa vilikuwa vimejaa hadi dirishani. Vilikuwa juu ya kiti, chini ya kiti, na kiti chenyewe ilibidi akitafute. Bobini za uzi zilijificha ndani ya vikombe, zipu zilining'inia kwenye taa, mkasi mmoja ulikuwa ndani ya buti ya mzee, na pamba ya kujazia mablanketi ilifurika kwenye kona kama povu la sabuni. Ukutani, kwenye misumari, ilitundikwa mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa kamba, mingine ya bluu na mingine myeusi, yote imefura.

Yeye alikuwa muuzaji katika duka la nguo mjini, na kazi ya kupanga vitambaa aliijua. Bosi wake alikuwa na sifa moja tu ya kumpa mfanyakazi: "Rangi zako zimekaa." Aliomba maboksi matupu dukani, akafunga kibwebwe, akaanza. Vyekundu huku, vya kijani kule, vya samawati dirishani ambako mwanga ungevipendezesha. Sanduku la wateja alilivuta kwa heshima bila hata kugusa kufuli, akalipandisha ghorofani yeye na mumewe, wakipumzika kila baada ya ngazi chache. Kisha akaitungua mifuko ya misumarini. Ndani alikuta magauni ya zamani, mashati, leso, na vipande vilivyokwisha kukatwa. Nguo nzima alizikunja, vipande akavilaza, kila kitu kikaenda kwenye rangi yake. Pini zilimchoma vidole mpaka vikawa kama vimeng'atwa na siafu. Mifuko mitupu aliitia kwenye taka, na gari la taka likapita likaichukua.

Wifi yake alikuja kuchungulia, akapiga ukelele. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na mkono mwepesi wa kuazima; kitu chako ukikikosa, ulianza kumtafuta yeye. Bibi harusi aliwahi kupoteza blauzi kwenye kamba ya kuanikia, blauzi aliyoinunua kwa mshahara wake wa kwanza. Aliitafuta nyumba nzima, akaililia, kisha akamnunia wifi yake siku nyingi bila kumwambia kosa. Kifungo cha akiba cha blauzi hiyo bado alikitunza kwenye pochi.

"Wifi, umetoa maajabu!" wifi akasema, akipapasa maboksi. "Mama akiona hapa atalia."

Na kweli alilia.

*

Mama Viraka alirudi alasiri akiwa na furushi la nguo chafu za mumewe. Mzee angetoka kesho. Bibi harusi alimpokea furushi, akamsindikiza mpaka mlangoni mwa chumba, akausukuma mlango.

Kitanda kilikuwa tayari, shuka limenyooshwa. Cherehani imesogezwa dirishani. Maboksi yamepangana rafuni kuanzia jeupe mpaka jeusi. Mama Viraka alitazama yote hayo na uso ukaanza kumchanua. Halafu akatazama ukuta, akaona misumari mitupu.

"Mifuko iko wapi?"

"Nimeifungua, mama. Nimepanga kila kitu kwa rangi."

"Yote?"

"Yote, mama."

Mama Viraka alikaa juu ya kitanda cha mumewe, akashika tama. Machozi yalimtoka bila sauti. Bibi harusi alisimama, tabasamu likiwa bado usoni kwa kuwa hakujua aliweke wapi.

"Sanduku lilikuwa limejaa," mama mkwe akasema hatimaye. "Waliokuja mwisho niliwatundika ukutani. Mwoka mikate kaleta nguo za marehemu mama yake, nimuungie blanketi la kumkumbukia. Bawabu wa shule kaleta za marehemu mkewe. Baba yako akaanguka siku hiyo hiyo, sikupata hata kufungua. Sijui ipi ya nani. Sijui, mwenzangu. Ningejua ningezitenga sasa hivi."

Wifi, aliyekuwa amesimama nyuma yao, alishindwa kunyamaza. "Mama, hilo si la kuliza mtu. Gawanya katikati, huyu nusu na yule nusu. Gauni ni gauni. Nani atajua?"

"Toka!" Mama Viraka akafoka. "Mtu ajifunike mama wa mwenzake, amlalie marehemu asiye wake? Ndivyo nilivyokufundisha? Na mikono hii nitashonaje uongo kama huo? Wakijua, mtu gani ataniletea tena hata soksi?"

Wifi alitoka, akaishia mlangoni. Bibi harusi alingoja zamu yake. Aliusubiri ukali ule ule umgeukie, akaukaza mwili kuupokea. Lakini Mama Viraka alifuta macho kwa upindo wa kanga yake, akasema kwa sauti ya chini, "Wewe hukujua, bibi harusi. Kosa ni langu. Kapumzike."

Kapumzike! Neno hilo lilimchoma kuliko pini zote. Alitamani ardhi ipasuke. Hata kosa lake mwenyewe alinyang'anywa, kama ufagio.

"Sipumziki, mama," alisema. "Nakwenda kuwaambia mimi. Waje wachague wenyewe. Nguo zao wanazijua."

"Watakutukana."

"Wanitukane."

Mama mkwe alimtazama kama anamwona leo. "Haya," akasema. "Nenda. Usiwafiche kitu."

*

Kwenye duka la mikate kulikuwa na foleni. Mwoka mikate, mwanamke mnene mwenye mikono ya unga hadi viwikoni, alimsikiliza huku akifunga mikate, kisha akaacha kufunga.

"Umezifanya nini nguo za mama yangu?"

Foleni nzima iligeuka.

"Nimezichanganya na za mtu mwingine. Naomba uje uzitambue, tafadhali. Ni kosa langu, si la mama."

"Mchanganyiko wa nini? Mama yangu mboga?" Mtu mmoja kwenye foleni alicheka, mwingine akatikisa kichwa kwa masikitiko, na bibi mmoja akasema vijana wa siku hizi hawana adabu hata kwa waliokufa. Bibi harusi alisimama akatazama sakafu. Unga ulikuwa umemwagika pale, na alama za viatu vya watu zilionekana wazi. "Nakuja," mwoka mikate akamaliza. "Na nikikosa hata leso moja, nitakaa kwenu mpaka ipatikane. Mtanipikia."

Kutoka hapo alikwenda shuleni, akamkuta bawabu getini. Alikuwa mzee mrefu, mkimya, aliyevaa kofia ya kazi iliyompwaya. Yeye hakufoka hata kidogo. Alizigeuzageuza funguo zake mkononi, kisha akauliza, "Lazima nizitambue mimi?"

"Ndiyo, baba. Hakuna mwingine."

"Hakuna njia nyingine kabisa?"

Bibi harusi alishangaa. Njiani akirudi aliwaza kwamba mwanamume anayeshindwa kuzitambua nguo za mkewe, basi aliishi naye akiwa amefumba macho. Alimlaumu kidogo moyoni, kwa kuwa mtu aliyetoka kulaumiwa hupata nafuu akipata naye wa kumlaumu.

*

Walifika karibu pamoja, jua likiwa limeanza kupungua ukali. Maboksi yalitolewa sebuleni, wakayazunguka kwa magoti, na miguu ya kila mtu ikamkanyaga mwenzake. Mwoka mikate hakupoteza muda. Alizamisha mikono, akavuta. "Hili la mama. Hili la mama. Leso hii alinifutia makamasi mpaka nikaolewa." Rundo lake likapanda. Alianza na hasira, lakini kadiri alivyovuta ndivyo alivyosimulia, na kadiri alivyosimulia ndivyo sauti ilivyolegea.

Bawabu alisimama ukutani, mikono nyuma. Kofia alikuwa ameivua.

"Karibu, baba," Mama Viraka akamwambia. "Tazama nawe."

"Natazama," akasema. Aliinama, akashika gauni moja, akalirudisha. Akashika jingine. Jasho lilimtoka kipajini. "Mama, nitasema kweli. Binti yetu ndiye aliyezitia kwenye mfuko, naye amekwisha kurudi kwake mbali. Mimi nilikuwa namwona mke wangu mwenyewe. Nguo sikuzitazama. Sasa nikiziona hivi, hazina mtu ndani, sijui ipi ni ipi."

Wifi alijikuna shingo. Bibi harusi alitazama pembeni, akakumbuka alivyowaza njiani.

"Basi mwache huyu mama amalize," Mama Viraka akasema taratibu. "Zake zikiisha, zitakazobaki ndizo za mkeo."

Lilikuwa wazo zuri mpaka mwoka mikate alipovuta gauni la samawati lenye vidoadoa vyeupe na kulitia kwenye rundo lake. Bawabu alisogea hatua moja.

"Samahani, mama. Naomba nilione hilo."

"Hili? Hili la mama yangu. Alikuwa na la vidoadoa, nakumbuka kama jana."

"Naomba tu."

"Si umesema huzijui?" Mwoka mikate alilikumbatia. "Mimi nimezaliwa naye, nimemvisha mpaka siku ya mwisho. Leo nifundishwe gauni lake?"

Bawabu alikuwa mtu aliyezoea kuwapisha watu getini. Lakini hapo hakupisha. "Lina mfuko," alisema. "Karibu na goti. Mfuko usio na kazi."

Mwoka mikate aliligeuza gauni. Kweli palikuwa na mfuko wa kubandika, chini kabisa, mahali ambapo hakuna fundi timamu angeuweka.

"Fumueni huo mfuko," bawabu akasema.

Mama Viraka alichukua mkasi mdogo, akakata uzi, mshono mmoja mmoja. Mfuko ulipoachia, chini yake palitokea tundu la hudhurungi, lenye ncha mbele na mapana nyuma, umbo kamili la pasi.

"Nilimuunguzia mimi," bawabu akasema. "Alikuwa mgonjwa, kuna harusi ya mdogo wake. Nikasema leo nimsaidie, nimpigie pasi. Sikuwahi kushika pasi maishani. Nikaiweka nguoni, nikaenda kufungulia mtu mlango."

"Lo!" mwoka mikate akasema.

"Gauni lake jipya. Nikamletea huku natetemeka. Nilitaka anitukane nipumue."

Mama Viraka alikuwa bado ameshika mkasi. "Akasema nini?"

"Aliniuliza kama nimeungua mkono." Bawabu alizungusha kofia vidoleni. "Akatazama mkono wangu kwanza, huu, mbele na nyuma. Kisha akashona huo mfuko, akalivaa harusini, akatia leso mle gotini. Kila akitaka leso anainama, watu wanadhani amedondosha kitu. Tulicheka mimi na yeye, tukatolewa nje."

Wa kwanza kucheka alikuwa wifi, akafuata mwoka mikate, kicheko cha tumboni kilichomtikisa mwili mzima, huku machozi yakimchora mistari kwenye unga wa mashavuni. Alimpa bawabu gauni kwa mikono miwili. "Chukua, kaka yangu. La mama yangu lilikuwa la kijani, nafikiri. Au nilitaka liwe hili. Njoo, kaa hapa, tutafute pamoja. Mkeo alikuwa mnene au mwembamba?"

"Mwembamba. Mrefu kama mimi."

"Basi hayo marefu yote si ya kwetu. Sisi tumejengwa kwa upana."

Kazi ikawa nyepesi tangu hapo. Bibi harusi aliketi sakafuni akipokea na kukunja. Alihisi mtu anamshika mkono. Alikuwa mama mkwe, ameugeuza mkono wake mbele na nyuma, anavitazama vidole.

"Pini zimekuchoma hivi?" Mama Viraka akauliza.

"Kidogo tu, mama."

"Kidogo! Hebu ona. Na mimi nimeingia nikatazama misumari." Hakusema zaidi, lakini mkono hakuuachia upesi, na bibi harusi akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu alasiri.

*

Marundo mawili yalipokamilika, yalifungwa kwenye mifuko mipya, safari hii ya kitambaa, na kila mwenyewe akafunga kamba yake kwa fundo lake. Lakini maboksini kulibaki vitu. Nguo chakavu za kwake mwenyewe Mama Viraka alizitambua mara moja. Kulibaki kijirundo kidogo, vipande vya pembe tatu vilivyokatwa vizuri, vya rangi ya zambarau, ambavyo mwoka mikate alivikana na bawabu akavitikisia kichwa.

"Hivyo viacheni," Mama Viraka akasema haraka, akavichota. "Mabaki tu hayo. Takataka."

Haraka yake ndiyo iliyomponza. Kipande kimoja kiliponyoka, kikaanguka mapajani pa bibi harusi. Alikiokota ili amrudishie. Kilikuwa na tundu la kifungo, limezungushiwa uzi wa fedha alioujua vizuri.

Saa chache tu zilizopita alikuwa amekishika kipande hicho hicho, akakilaza kwenye boksi lake, akasema moyoni kwamba rangi imekaa. Mshahara wake wa kwanza! Naye alimlaumu mzee wa watu kwa kutozitambua nguo za mkewe.

"Mama," akasema. "Hii si blauzi yangu?"

Mama Viraka alitazama dari.

"Ile iliyopotea kwenye kamba?" wifi akadakia. "Ile uliyoninunia mimi? Si ndiyo ile? Nilijua! Nilijua umeninunia kwa kitu! Mwezi mzima nasalimia mtu ananijibu kwa pua!"

"Mama, mwizi ni wewe?" bibi harusi akauliza.

"Ndivyo inavyofanywa," Mama Viraka akasema, sauti imepungua hata haikusikika vizuri. "Nguo ya blanketi la nyumba haiombwi. Ukimwomba mtu, anakuletea ile ya kujionyesha, mpya, imepigwa pasi. Hiyo haina yeye. Inachukuliwa ile iliyouzoea mwili wake, kwenye kamba, bila kumwambia. Huyu wifi yako nilimwibia sketi. Mumewe nilimwibia shati, akatafuta siku mbili akanunua jingine. Na wewe nilikuibia mara tu ulipoingia. Nikaona hii ndiyo unayoivaa kila siku ukitoka kwa furaha, nikasema hii."

"Mbona hukuishona?"

"Ulivyolia!" Sasa Mama Viraka aligeuka, uso umemwiva. "Ulipindua nyumba nzima. Ukasema ni ya mshahara wako wa kwanza. Na mimi nimekwisha kuikata, mkasi bado mkononi. Nikaogopa. Nikasema huyu akijua atafunga virago arudi kwao. Nikaitia mfukoni nikaitundika. Kila nikikuona nikawa sina raha. Nikasema basi, nisimuudhi kwa jambo jingine lolote."

Bibi harusi alijaribu kuelewa. "Mwaka mzima," alisema polepole, "umekataa nioshe hata sufuria, kwa sababu ya blauzi?"

"Kwa sababu ya blauzi."

"Na mimi nina gauni la njano kabatini, limepigwa pasi, nangoja uniombe!"

"La njano silitaki. Limekakamaa."

Mwoka mikate alikuwa wa kwanza kuanguka kwa kicheko, kisha sebule yote. Hata bawabu aliinama, akajishika goti, mahali pale pa mfuko. Bibi harusi alicheka mpaka akalia, na alipolia hakujificha, kwa kuwa roho yake ilikuwa imetulia kama isivyowahi kutulia tangu aingie nyumba ile.

*

Mzee Breki alirudi kesho yake, amebebwa na mwanawe na jirani kwenye kiti, akiwaelekeza njia nzima namna ya kupunguza mwendo kwenye kona. Walimlaza. Alikitazama chumba ambacho kwa miaka mingi alikibishia hodi: cherehani dirishani, maboksi ya rangi rafuni, mifuko miwili ya kitambaa ikining'inia kwenye misumari juu ya miguu yake.

"Hao kina nani?" akauliza.

"Wateja," mkewe akasema. "Wakimya. Hawatakusumbua."

"Na haya maboksi utayavuruga lini?"

"Siyavurugi. Leo nimetaka kijani nimekipata hapo hapo. Kazi ya mkweo hiyo." Alikuwa ameketi kwenye cherehani, akimalizia upande mmoja wa blanketi la nyumba. Pembe tatu za zambarau zilikuwa zimekaa kati ya ovaroli ya mzee na kaptula ya mwanawe. Bibi harusi alifungua pochi, akatoa kifungo cha akiba, akamwekea mezani bila neno. Mama Viraka alikitazama, akatia uzi sindanoni, akakishona katikati ya zambarau kwa mkono, akaukata uzi kwa meno.

Blanketi lilipotandazwa, Mzee Breki alilivuta hadi kidevuni. Kidole gumba chake kikakikuta kifungo, kikaanza kukizungusha.

"Kuna kitu kigumu hapa. Cha nani hiki?"

"Changu, baba."

"Ahaa. Umeibiwa, eti?" Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Mimi aliniibia ovaroli tukiwa bado wachumba. Nilikwenda kazini na suruali ya sherehe."

Mama Viraka alikuwa amekwisha kuondoka kwenda jikoni. Mara sauti yake ikapasuka huko, kali, ile ile iliyokuwa ikimtoa wifi mbio tangu utoto.

"Wee! Nani kaacha bomba wazi, maji yamejaa mpaka mlangoni? Hivi huyu msichana ana macho kweli? Njoo na tambara hapa, upesi!"

Mzee Breki alimtazama mkwewe kwa huruma, tayari kumtetea. Lakini bibi harusi alikuwa amekwisha kusimama, uso wote umemchanua.

"Ni mimi, mama!" alipaza sauti. "Nakuja!"